Maneno ya Bibi Niliyofupisha

Mimi na bibi, mama ya baba yangu, tulikuwa na lugha moja tu ya kuongea: Kiswahili. Yeye Mkakwa wa Koboko. Mimi nilizaliwa Arua, mama yangu Mlugbara, na Kikakwa hakuna mtu alinifundisha. Kiswahili chake alikipata sokoni, miaka yote ile akiuza samaki kavu kwa watu wa Kongo na wa Sudan. Changu nilikipata mtaani na shuleni. Alikuwa ananicheka.

"Wewe unaongea kama redio," alisema. "Redio yenye haraka."

Haraka nilikuwa nayo kweli. Nilikuwa nimemaliza Senior Four, nangoja matokeo, na kila kitu cha nyumbani kilikuwa kinanichosha. Halafu bibi akaletwa kwa lori ya muhogo, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Jembe lilimkata wakati wa palizi. Aliweka majani, akaendelea kulima. Tulipofungua kile kitambaa, vidole vyote vilikuwa vyeusi.

Baba alikuwa karani kwenye stoo ya tumbaku, ruhusa hawakumpa. "Daktari hajui Kiswahili," akaniambia. "Wewe una Kiingereza. Enda uwe mdomo wa bibi yako."

Daktari alikuwa mgeni, mmoja wa wale walioletwa baada ya madaktari wa zamani kuondoka. Aliukagua mguu, kisha akaongea na mimi. Bibi alikuwa amekaa katikati yetu, lakini daktari alikuwa ananiangalia mimi. Alisema mguu ukatwe chini ya goti, kesho kutwa, kwa sababu sumu inapanda.

Nikamwambia bibi. Yeye akaongea polepole, akiushika mguu wenyewe kwa mikono miwili.

"Muambie nimesikia. Akate. Lakini hiyo mguu ni yangu. Nimetembea nayo mpaka Aba, mpaka Yei, na samaki kichwani. Akimaliza asitupe. Afunge kwa nguo yangu, mutoto wangu apeleke Koboko, azike pale karibu na muzee yangu. Siku nikikufa nitaikuta. Sitaki kulala nusu nusu, mguu iko Arua, mwili iko Koboko. Kama hawezi, anirudishe nyumbani na mguu yangu, hata kama ni ya kufa. Muambie yote."

Foleni ya wagonjwa ilikuwa imefika mlangoni. Daktari alikuwa anagonga meza na kalamu. Hakukuwa na neno hata moja pale ambalo sikulijua kwa Kiingereza. Ila niliona aibu. Nilijiona nimesimama mbele ya yule mtu aliyesoma, nikimwomba mguu uliooza tuende nao nyumbani kama nyama ya sokoni. Nilisema tu kwamba amekubali.

Daktari akaandika. Bibi akanigeukia.

"Maneno yangu yote ile, kwa Kizungu ni kidogo hivyo?"

"Kizungu ni lugha fupi, bibi."

"Kumbe," akasema, na akaweka kidole gumba kwenye karatasi.

Walimkata siku ile waliyosema. Alipoamka, hata maji hakuomba. "Mguu iko wapi? Baba yako amepeleka?"

Nikasema ngoja, nikatoka mbio. Nilimkuta dresa, yule wa kufunga vidonda, mzee aliyewahi kuwa jeshini, anakunja bandeji zilizofuliwa, kwa sababu mpya zilikuwa hazipatikani.

"Mguu ya mama yule? Imechomwa."

"Nani alisema ichomwe?"

"Hakuna mutu alisema isichomwe." Akaacha kukunja. "Binti, watu wanaomba kila wakati. Juzi muzee wa Ajia alienda na mukono yake kwa kikapu, na kifuniko juu. Mungesema tu."

Nilisimama kwenye varanda muda mrefu, nikifikiria kudanganya. Ningesema baba amepeleka. Nani angechimba Koboko kuangalia? Lakini baba mwenyewe angekuja jioni, na yeye angeulizwa kwa Kikakwa. Nikarudi, nikasema umechomwa.

"Ulimuambia daktari maneno yangu?"

"Nilifupisha, bibi."

"Ulifupisha." Aligeuza uso ukutani. Toka siku ile hakuniambia tena neno la Kiswahili. Aliongea Kikakwa tu na mimi, kwa sauti ya kawaida, bila matusi, kama mtu anayeongea na mtu anayeelewa.

Tulimrudisha nyumbani kwetu Arua. Baba aliagiza asifanye kitu chochote, nimfanyie yote. Nikamfanyia yote. Nilimwogesha, nilimbeba, nilimgeuza kama gunia. Alisema kitu, nikaleta maji, kumbe alitaka kutolewa juani. Alisema kingine, nikamfunika, kumbe alitaka mihogo aimenye mwenyewe. Nilitaka kulia kwa hasira. Mara nyingine nilimwambia kwa sauti kubwa, "Bibi, sema Kiswahili basi, unakijua." Alikuwa ananiangalia tu mpaka nimalize.

Polepole nilianza kungoja. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikaonyesha kwa mkono, hiki? kile? na nikangoja jibu kabla ya kuinuka. Hapo nilikuja kujua kwamba kuoga anataka kuoga peke yake, mlango umefungwa. Alianguka huko ndani mara mbili. Nilisikia kishindo, nikangoja nje, meno nimeyabana, mpaka nikasikia maji yanamwagika tena. Kusikia Kikakwa nilianza kusikia kidogo. Kumjibu, alikuwa hangoji nimjibu.

Tulirudi hospitali kuonyesha kidonda. Jina lake lilipoitwa nilisimama. Yeye alimvuta kwa koti yule dresa, aliyekuwa anapita.

"Wewe. Ingia na mimi. Huyu abaki hapa."

"Kwa nini, mama? Huyu amesoma."

"Amesoma, ndiyo. Anafupisha maneno ya watu."

Watu wa kwenye benchi walicheka. Mama mmoja akaniambia, "Pole, mwalimu." Nilikaa chini.

Mlango ulibaki wazi. Ndipo nikasikia tena Kiswahili cha bibi, kile kile.

"Muambie nataka kurudi Koboko. Mutoto wangu anakataa, anasema nitaanguka. Muambie kuanguka nimeanguka, kuamka najua. Nataka fimbo za kwapa, mutu apime kwa urefu yangu, si za mutu mwingine. Nitakaa na mukewenza yangu. Tulipigana miaka mingi, sasa hatuna meno, tutapatana."

Dresa alipeleka yote, kwa Kiingereza kibovu cha jeshi, sentensi kwa sentensi, hata mambo ya meno. Nilisikia daktari anacheka. Kisha nilisikia anauliza, na bibi anajibu, na anauliza tena. Mwishowe daktari alimwandikia baba barua kwamba bibi aachwe arudi Koboko.

Baba aliisoma mara mbili. Akasema sawa, lakini niende naye nimtunze. Nikasema tumwulize yeye kwanza. Alimwuliza, na bibi alijibu kwa neno moja. Neno lile la Kikakwa nililijua: hapana.

"Mbembeleze," baba akaninong'oneza.

Sikumbembeleza.

Asubuhi ya kuondoka, dereva wa lori alitaka kumbeba kama mtoto. Bibi akamzuia. "Hapana hivyo. Weka mukono hapa, chini ya kwapa. Ngoja. Mimi nitasema sasa." Dereva akangoja. Bibi akasema sasa, akapanda, akakaa mbele karibu na dirisha. Mimi nilikuwa chini nimeshika fimbo zake mpya za kwapa, zilizopimwa kwa urefu wake. Alinyoosha mkono, akazichukua moja moja, akaziweka kati ya magoti na kuangalia barabara.