Dakika Ishirini na Nne

Mdogo wangu tulimwita Dakika tangu ana miaka saba. Alirithi saa kuukuu ya marehemu baba, mkanda umekatika, akawa anatupimia kila kitu: maji yanachemka kwa muda gani, mama anachukua muda gani kumaliza kugomba. Kwa urefu wa muda, mama ndiye aliyeongoza. Jina lenyewe alipewa na kaka yetu mkubwa, yuleyule aliyeacha shule baba alipofariki, akashika usukani ili Dakika asome mpaka chuo. Hilo nalitaja mapema, maana nyumba yetu ni hodari wa kusahau.

Dakika akaajiriwa ofisi ya barabara, kwa mkataba. Barabara kuu mpya ina kamera mwanzo na mwisho. Zinasoma namba ya gari likiingia na likitoka, kisha programu ya kompyuta inakokotoa limetumia muda gani. Maelfu ya magari, kila siku, mwaka mzima. Alikuwa akitueleza mezani mpaka chakula kinapoa.

"Dada, wastani ni mwongo," aliniambia. "Leo utumie dakika ishirini, kesho themanini, wastani ni hamsini, na hiyo hamsini hujawahi kuiona. Cha kuuliza ni kimoja tu: nikitaka kuwahi siku kumi na tisa katika kila ishirini, nijiwekee muda gani?"

"Muda gani?" kaka akauliza. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa kwenye hospitali ambayo mimi ni karani, kwa hiyo lilimhusu.

"Dakika mia moja."

Kaka akacheka. "Umesoma miaka yote hiyo uje uniambie ninachokijua kwa makalio!"

Mama akamkemea kwa hilo neno, lakini na yeye alikuwa anacheka. Ofisini kwa Dakika, mwisho wa barabara hiyohiyo, kazi inaanza saa mbili. Tangu wiki ile akawa anatoka nyumbani saa kumi na mbili kamili asubuhi. Geti letu linalia likifunguliwa, kwa hiyo tulijua wote.

Kisha ikaja ripoti. Mkurugenzi wake alipoiona ile mia moja, akamrudishia makaratasi. "Barabara haijamaliza hata miaka miwili, unataka kutuaibisha? Toa siku zisizo za kawaida." Programu ina kitufe cha kazi hiyo: unaweka kiwango, na siku yoyote inayokizidi inahesabiwa kuwa ni kasoro, inaondolewa. Dakika akaweka kiwango. Zikadondoka siku hamsini na tatu. Mwaka una wiki hamsini na mbili. Mimi bado sijaona jambo lisilo la kawaida linalokuja kila wiki na kubakisha chenji.

Ripoti ikatoka safi: wastani dakika ishirini na nne, na hata siku mbaya haizidi thelathini na tano. Aliniambia mwenyewe, anasugua sahani ambayo ilishatakata zamani.

"Wameniahidi ajira ya kudumu, dada."

Nilisema moyoni, funika kombe mwanaharamu apite. Sikujua anayepita ni kaka.

Ijumaa moja ya mvua kaka alikuwa anamleta hospitalini mwalimu mstaafu, ana shida ya moyo. Alitumia dakika tisini na nane kwenye barabara ileile, king'ora kinalia na hakuna pa kupita. Mwalimu alikata roho jengo la hospitali likiwa linaonekana. Ndugu zake wakataka kujua kulikoni, na hilo ni haki yao. Wakubwa wetu wa hospitali wakatafuta mnyonge wa kumtwisha. Muuguzi aliyekaa nyuma alisema gari lilikuwa linasimama mara kwa mara, ila vioo vya nyuma ni vya rangi, hakuona ni wapi. Basi ikasemwa kaka alipitia shughuli zake.

Kikao kikaitwa. Ofisi ya barabara ikaombwa ilete ripoti na mtu wa kuifafanua, ikamleta aliyeiandika. Nilikuwepo mimi pia, kwenye kona, naandika kumbukumbu za kikao. Watoto watatu wa mama mmoja katika chumba kimoja, na hatukusalimiana.

Mwenyekiti aliulizia rekodi ya Ijumaa ile. Haikuwepo. Kile kitufe hakikuwahi kuzimwa, na siku ile nayo ilidondoka.

"Kwa hiyo hakuna rekodi ya foleni," mwenyekiti akasema.

"Mheshimiwa, mvua ilinyesha, mji mzima ulikwama," kaka akasema.

"Maneno ni maneno. Hapa tuna takwimu."

Kaka akaomba kuuliza swali moja, akaruhusiwa. Akamgeukia Dakika. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliongea kama anavyoongea naye sebuleni.

"Mdogo wangu, kazi unaanza saa mbili. Nyumbani unatoka saa ngapi?"

Dakika aliangalia ripoti. Ukurasa wa kwanza, chini, pana sahihi yake.

"Saa moja na nusu," akasema.

Niliandika. Ningeweza kusimama niseme hapana, geti linalia saa kumi na mbili, na mimi ndiye ninayelisikia kwanza. Niliandika "saa moja na nusu" kwa mwandiko mzuri, nikaweka nukta. Siwezi kumsema Dakika bila kujisema.

Kaka akafukuzwa kazi baada ya miaka kumi na tisa. Pale mtaani sasa anajulikana kuwa ndiye dereva aliyemuua mwalimu. Wifi, mke wa kaka, hasemi na mimi. Dakika alipata ajira ya kudumu mwezi huohuo, mama akapika, na kaka akala pamoja nasi. Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakusomeshwa na mtu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa nafagia uani. Kaka alikuwa amekaa barazani, amevaa viatu vya kazi, nadhani ni mazoea tu. Saa kumi na mbili kamili Dakika akatoka na mkoba wake, akashika geti.

"Mbona mapema hivyo, mdogo wangu?" kaka akamuuliza. "Si dakika ishirini na nne tu?"

Dakika alisimama, mkono bado kwenye komeo. Nilimwona akiitazama saa ya baba. Kisha geti likalia, akaenda. Angekaa kujibu, angechelewa.