Kona Isiyo na Nyota

Mimi nina mdomo. Mama alinisema hivyo tangu nikiwa mdogo, na hapa Sydney, ambako naweza kumaliza siku nzima bila mtu wa kuniuliza umeshindaje, mdomo wenyewe umezidi. Nikimpata wa kunisikiliza, sinyamazi.

Aliyenisikiliza ni mzee mmoja Myahudi ninayemhudumia nyumbani kwake mara tatu kwa wiki. Natoka Toongabbie kwa treni, nashuka mjini, napanda basi. Namwogesha, nampikia uji, namsomea barua kwa sababu macho yake yamekwisha. Mkewe alishafariki na hawakujaliwa watoto. Mimi ninaye binti, anaelewa Kiswahili chote, ananijibu kwa Kiingereza akiwa ameshafika mlangoni. Basi tukawa wapweke wawili na birika moja la chai.

Siku moja ikaja barua kutoka kijiji alichozaliwa, Ulaya ya mashariki. Alitolewa huko akiwa na miaka sita. Waliobaki waliuawa wakati wa vita, mama yake akiwemo. Sinagogi lao halikubomolewa. Liligeuzwa ghala la nafaka, kisha likawa la kuwekea magari ya zimamoto, na sasa wanakijiji, ambao hakuna Myahudi hata mmoja kati yao, walitaka kulirudisha lilivyokuwa. Walimwomba awaeleze ndani kulikuwaje. Hawakumpata mwingine aliye hai.

Jamani, mzee yule alivyochangamka! Alinipa penseli, yeye anasema, mimi nachora. Unaingia kwa kushuka ngazi tatu, kwa sababu Mungu huombwa kutoka kilindini. Katikati kuna nguzo nne nene, na baina yake jukwaa la kusomea Torati. Ukuta wa mashariki una kabati la hati-kunjo, na juu yake simba wawili wa mbao, mmoja amevunjika sikio. Madirisha yako juu kabisa. Nyuma, ghorofani, kuna roshani ya wanawake iliyozibwa kwa kimia cha mbao ili wanaume wasiwaone.

Hapo akakwama. Roshani ile ndiko mama yake alikokaa, naye alikuwa akipanda kumlalia mapajani, macho juu kwenye dari. Dari ilikuwaje? Hakumbuki. Mengine yote, aliniambia, wangeweza kuyakosea wakitaka. Dari ya mama yake ndiyo aliyoitaka. Wiki mbili chakula hakimshuki. Asubuhi moja nikamkuta analia, mtu mzima, kwa kwikwi, na mimi kitu kama hicho sikiwezi.

Nikasema, "Mzee, haikuwa ya buluu? Yenye nyota nyeupe?"

Akainua kichwa. "Buluu," akasema polepole.

"Nyota kubwa kwa ndogo, hazilingani. Na kona moja haina nyota hata moja."

Mungu wangu, sijui nilipatwa na nini! Hiyo ilikuwa dari ya kanisa letu Taita, juu ya roshani ya kwaya, alikokaa mama yangu nami nimemlalia mapajani. Kona ile haikuwa na nyota kwa sababu fundi aliishiwa rangi, na hakuna aliyejisumbua kumwita tena.

Mzee akanishika mkono kwa nguvu. "Kona! Ndiyo! Hata nyumbani baba aliacha kipande cha ukuta bila lipu, ili tulikumbuke Hekalu letu la kale lililobomolewa." Akacheka, akamaliza bakuli zima la uji. Nilitaka kumwambia, hapana mzee, ni fundi tu. Sikusema. Mimi, na mdomo wangu huu! Barua ya majibu, pamoja na michoro, niliipeleka posta mwenyewe.

Roho ilinisuta miezi mingi. Nilikaa kwenye treni nikijigombeza kimoyomoyo, na sikuwa na wa kumweleza. Wenzangu wa kanisani wangeniuliza Wayahudi wananihusu nini. Kisha kaka yangu akanitumia picha kutoka nyumbani. Kanisa la zamani wamelivunja, wamejenga jipya, kubwa, zuri sana, alisema. Nikamuuliza mbao za dari ziko wapi. Akaniambia zilipikia chakula siku ya harambee. Ujumbe huo ulinikuta dukani Cabramatta nimeshika mhogo, na nililia pale pale, watu wananipita kwa pembeni na vikapu vyao. Mama nilishamzika, lakini siku ile ndiyo niliyojiona yatima.

Wiki iliyopita mzee alipata bahasha. Ndani mlikuwa na picha moja kubwa, akaishika karibu na pua, na kioo chake cha kukuzia. Nami nikainama begani kwake. Kimia cha mbao, benchi, na juu yake dari ya buluu. Nyota kubwa kwa ndogo. Kona moja tupu. Nikavuta kiti, nikaketi.

"Unaona?" akasema. "Nilikumbuka." Kidole chake kilikuwa kwenye benchi, chini ya ile kona. "Mama alikaa hapa."

Mama yangu pia alikaa hapo, upande wa kona, kwa sababu ya upepo wa dirishani. Nilimwona kabisa, na leso yake.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Ulikumbuka."

Chini ya picha palikuwa na maandishi, akaniomba nimsomee. Yalisema dari imerudishwa ilivyokuwa, kama ilivyokumbukwa na mtu wa mwisho aliyeiona. Nikamsomea. Akaniomba nirudie, nikarudia.