Chale za Bi Salima: siku niliyokaribia kuua mgonjwa wa tumbo Temeke

Wakuu, salamu kwenu nyote. Ningesema shikamoo kwa wakubwa zangu, ila kwa umri huu sijui kama wamebaki. Mjukuu ndiye anayenichapia, maneno ni yangu na sitawaongezea chumvi.

Miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mie nilikuwa dresa, msaidizi wa tabibu, kwenye zahanati moja Temeke. Temeke ya minazi na mikorosho, sio hii yenu ya foleni.

Asubuhi hiyo kulikuwa na mvua ya manyunyu. Mpaka leo naiona kama ndoto: watu wanatokea kwenye ukungu polepole, sauti zao zimefika kabla yao.

Walimbeba mgonjwa kwenye kitanda cha kamba, kutoka Mbagala. Zena, mwanamke mdogo tu, ana mtoto wa kunyonya. Tumbo limemshika ghafla tangu jana. Amekunja goti la kulia, meno ameyauma. Pembeni yupo mama yake, Bi Salima.

Nikafunua khanga. Chale tumbo zima!

Nikakasirika. Ujana ukivaa koti jeupe, wakuu, ni maradhi.

"Mama, mmemkatakata hivi ndiyo mnaniletea?"

Nikauliza kama binti amepata choo. Hajapata.

Basi, enzi zile tumbo likifunga ni mafuta ya nyonyo ya kuharisha. Nikamimina kikombeni, nikamwinua Zena kichwa.

Bi Salima akanishika mkono.

"Baba, usimnyweshe kwanza. Tazama nilivyomchanja. Jana asubuhi alishika kitovu, nikachanja hapa. Jioni maumivu yakashuka, nikayafuata. Alfajiri yakatua huku, hayaondoki."

Nikainama. Kweli bwana. Za kitovuni zimeshakauka, za chini kulia bado mbichi.

Nikabonyeza pale taratibu, nikaachia ghafla. Zena akapiga yowe.

Kidole tumbo! Ningemnywesha yale mafuta kingeweza kupasuka humo ndani, na mtoto angebaki yatima. Niliogopa, nikamwaga kikombe dirishani.

Tukampakia kwenye lori la kuni hadi hospitali kubwa mjini. Akapasuliwa mchana uleule, kimevimba lakini bado kizima. Zena akapona.

Sasa ishu yenyewe, ambayo sijawahi kumwambia mtu.

Daktari Mzungu alitoka akauliza kwa Kiingereza nani aliyetambua. Bi Salima amesimama pale pale, haelewi kinachosemwa.

Nikajibu, mimi.

Nikapandishwa cheo. Na yule mama akaja baadaye na jogoo wa shukrani, nikapokea jogoo wake, nikamla.

Siwaambii mkachanjane. Mtu akishikwa na tumbo ghafla, msimpe dawa ya kuharisha, mwahisheni hospitali. Na nyie wauguzi, ulizeni yalianzia wapi na yamehamia wapi, halafu msikilize anayejibu, hata kama hana viatu.

Madaktari mliomo humu, nisahihisheni nilipokosea. Wenye visa vyenu vishusheni hapa chini.

Na kama kuna mjukuu wa Bi Salima wa Mbagala anasoma: aliyetambua alikuwa bibi yenu.