Kila Basi la Mfalme

Kumwondoa mfalme wetu kulinigharimu meza moja ya mninga, gunia moja na nusu la vitunguu, na jino la mbele. Nimehesabu mara mbili. Jino bado ni moja.

Ufalme wenyewe ulikuwa kituo cha wachuuzi pale Mikumi, kwenye tuta ambapo mabasi ya Iringa hupunguza mwendo. Mzee aliyekianzisha alikuwa mwenyekiti hadi alipofariki. Tuliporudi kutoka mazikoni tukamkuta mwanawe ameshakalia kiti. "Kiti cha baba," akasema, kana kwamba kituo ni suruali ya urithi. Tukamwita Mfalme kwa kumkejeli. Mpumbavu yule akafurahi.

Baba yake aliacha desturi moja: basi la kwanza la asubuhi ni la nyumba ya mwenyekiti, maana yeye ndiye aliyefyeka pori. Tuliikubali. Mzee alifyeka kweli. Mwana hakufyeka hata jani, akafanya kila basi lake. Basi likisimama sisi tunakaa juu ya ndoo, mikono mapajani, mpaka wake zake wawili wamalize kuuza. Basi nalo halisubiri. Dereva anapiga honi, tunabaki na vitunguu vyetu, abiria wanatupungia mkono.

Juu ya hapo kulikuwa na ushuru wa usafi, na kufagia tunafagia wenyewe. Kukaja ushuru wa kujengea kaburi la baba yake, ambalo mpaka leo ni udongo mtupu. Shemeji zake hawakutoa hata senti. Walitoa wajane, wakatoa Wasukuma waliohamia juzi, wakatoa watu wa Vidunda wanaoteremka mlimani na mizigo kichwani. Mvua ilipokata barabara ya Masanze na unga ukapanda bei, naye akapandisha ushuru. Mimi hata mganga napatana naye bei. Kwa yule hapakuwa na la kupatana.

Binti yangu anasoma shuleni habari za wafalme wa mbali waliopinduliwa: kodi, njaa, dharau. Kodi na njaa tulizibeba miaka. Dharau ndiyo iliyotuinua.

Abiria mmoja alimwita bibi wa Vidunda dirishani, "Bibi, lete ndizi!" Akainuka. Mke wa Mfalme alikuwa bado anarudisha chenji. Mfalme akalipiga teke beseni la bibi, ndizi zikatawanyika kwenye lami, lori likazikanyaga.

"We bibi, utaratibu huujui?"

"Naujua, baba. Leo nimechoka kukaa."

Mfalme akacheka. Kicheko kile sijakisamehe.

Kesho yake basi la kwanza lilipopanda tuta tuliinuka wote. Mfalme akanijia mimi, niliyekuwa karibu.

"Kaa chini!"

"Wewe umekaa vya kutosha, acha na sisi tusimame."

Hapo ndipo meza ilipovunjika, vitunguu vikaishia mtaroni, na jino likaondoka. Watu wakamkamata. Mtendaji wa kijiji alipofika akataka wagombea uenyekiti wasimame, watu wapange mstari nyuma yao. Wenzangu wakanisukuma mbele, damu mdomoni. Nyuma ya Mfalme alisimama mama yake. Wake zake walikuwa kwenye mstari wangu, mkubwa akimkaripia mdogo: "Simama vizuri tuhesabiwe!"

Sasa basi ni la kila mwenye miguu. Ila juzi Mfalme alikuja kuomba nafasi ya kuuza, kama mchuuzi yeyote.

"Mwenyekiti, sema neno moja tu," wenzangu wananiambia, "huyu hakanyagi hapa."

Neno hilo ninalo mdomoni, na ni tamu. Kinachonikera ni kwamba nikilisema peke yangu hakuna wa kunipinga. Bibi wa ndizi anasema apewe. "Kwani ale wapi?" ananiuliza, kama vile beseni lililopigwa teke lilikuwa langu.

Wewe unayesoma, ungempa? Nishauri upesi, maana gunia lake ameshalitua mlangoni kwangu, na mimi bado namchukia.