Mtoto Niliyemwita Mpishi

Kwa miaka mitatu nilidanganya mji mzima wa Garissa kwamba mwanangu ni mpishi. Nilisema anapika kwenye hoteli moja Mombasa. Mimi si mtu wa kudanganya. Nimesoma mpaka darasa la pili tu, lakini nilianza na punda mmoja na mitungi minne ya maji ya mto Tana, nikafika kuwa na lori langu mwenyewe la kupeleka maji Dadaab, na hakuna mtu anayeweza kusimama mbele yangu aseme nilimpunja. Uongo ule niliusema kwa sababu ya hofu.

Mwanangu alikuwa mwanajeshi wa majini. Siku ya kuandikisha makurutu alikimbia uwanjani na vijana wengine, maafisa wakamfungua mdomo wakamkagua meno, vile sisi tunavyokagua ngamia sokoni. Akarudi nyumbani anacheka. "Aabo," aliniambia, yaani baba, "leo nimenunuliwa."

Mimi sikucheka. Ng'ambo ya mpaka kulikuwa na vita, na watu wa vita hivyo walikuwa na masikio mpaka huku kwetu. Askari mwenye lugha yetu na dini yetu walimwita msaliti, na nyumba ya baba yake hawakukosa kuijua. Kwa hiyo niliweka sharti: nyumbani haji na nguo za kazi, na kwa watu yeye ni mpishi.

Nililipa uongo huo kwa kuchekwa. Kuna rafiki yangu, dalali wa ngamia, mwenye mdomo mkubwa kuliko soko lenyewe. Kila akiniona anapaza sauti: "Waryaa, baba wa chapati! Kijana bado anakanda unga?"

"Anakanda."

"Wewe mwenye lori na ngamia, umezaa mwanamume wa kushika mwiko! Mlete nimpe kazi ya kiume."

Nilimeza. Afadhali kuchekwa. Lakini geti la nyumbani likigongwa, mguu wangu wa kulia ulianza kutetemeka wenyewe, na ilibidi niukunje niukalie watu wasiuone.

Alipokuja likizo mara ya mwisho nilimwuliza, "Fita ikoje?"

"Ni vita, aabo, si fita."

"Fita au vita, inaua."

Akanishika bega. Akasema yeye yuko ndani ya meli ya chuma, nisiogope. Nikamwambia lori langu pia ni la chuma na nimeliona limelala kifudifudi kwenye mchanga. Mama yake alitufokea sote wawili. Tena kuogelea alijua, alijifunza Tana akiwa mdogo, mama yake akipiga mayowe kwa hofu ya mamba. Mimi nimeuza maji maisha yangu yote na sijui kuogelea.

Simu ilikuja asubuhi, nikiwa mtoni nangoja lori lijae. Ilikuwa sauti ya afisa, Kiswahili kimenyooka. "Mzee wangu, nasikitika. Kijana wako amepotea baharini." Mashua yao ndogo ilitoka melini kupeleka wanajeshi ufukweni, ikapigwa. Wenzake waliokolewa. Yeye amepotea.

Sasa, kwetu kupotea ni neno la ngamia. Ngamia aliyepotea hajafa. Unauliza alionekana wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, halafu unafuata nyayo, siku tatu, siku kumi, mpaka umkute anakula miti ya watu. Kwa hiyo nilishusha pumzi, nikamwuliza yule afisa kwa akili timamu kabisa: "Nyayo zake zinaelekea wapi?"

Kabla hajajibu nikaongeza:

"Aliyekuwa naye ni nani? Nipe huyo nizungumze naye."

"Mzee," akasema polepole, "ni baharini."

Tangi lilikuwa limejaa, maji yanamwagika. Dereva wangu alikimbia kwenye tope kufunga mpira wa maji, na nikatazama alama za miguu yake zikijaa maji, zikifutika moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoelewa. Simu niliishika bado, lakini sikusikia tena kitu.

Nyumbani mke wangu aliuliza neno moja: "Amekufa?"

"Wamesema amepotea."

"Basi geti lisifungwe."

Wiki kadhaa baadaye yule afisa alikuja mwenyewe, kwa nguo za kiraia kama nilivyomwomba, akasema wameacha kutafuta. Mke wangu akalia, kisha akasema mtoto aswaliwe. Nilikwenda kwa sheikh kuomba ile sala ya maiti asiyekuwepo. Akaniuliza, "Nitangaze amefia wapi?"

Ulimi wangu ulikuwa umeshazoea. "Hotelini."

"Hotelini, na mwili hakuna?"

Bahari ilimchukua mara moja, na mimi nilikuwa namzamisha mara ya pili.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama mwenyewe. Mguu ukaanza, na safari hii sikuwa na pa kuukalia. Nikasema: "Mwanangu hakuwa mpishi. Alikuwa mwanajeshi wa majini. Maji yamemchukua. Mswalieni."

Watu hawakunitazama mimi, walitazama mlango. Wawili waliinuka wakachukua viatu wakaondoka. Siwalaumu, wana watoto. Safu ikapangwa, na dalali akaja akasimama kwenye bega langu la kulia. Tulipomaliza akaninong'oneza, "Baba wa chapati, mbona hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Sasa zaidi."

Hakufanya mzaha. Tangu siku hiyo hajaniita tena jina lile, na kwa kweli nalitamani.

Sasa kila mtu anajua. Kila magharibi natia komeo kwenye geti, na mke wangu anatoka nyuma yangu analitoa. Hatugombani. Mimi naogopa atakayekuja. Yeye anaogopa atakayekuja akute pamefungwa. Jana nilisikia hatua zake nyuma yangu, nikaliacha komeo bila kuligusa. Nilileta kiti, nikakiweka pale pale getini, uso barabarani, nikaukunja mguu wangu nikaukalia.