Pingamizi la Msingi

Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu, ndicho kitu pekee ambacho walimu wangu wa kidato cha tatu wanakubaliana juu yangu bila kubishana. Majibu yangu ya fizikia ni ya uongo, lakini ni uongo unaosomeka. Kwa hiyo dada mtendaji wa mtaa wetu alipotaka mtu wa kumwandikia bango, hakuhangaika kutafuta. Alikuwa ameshaona kazi zangu. Ile HAKUNA KUKOJOA HAPA iliyoko kwenye ukuta wa ofisi yake niliiandika mimi, na kweli watu wameacha. Siku hizi wanakojolea ukuta wa jirani.

Bango lenyewe lilikuwa la kuombea shule. Mtaa wetu uko upande mmoja wa barabara kuu, ile inayoyapeleka malori mpakani, na shule ya msingi iko ng'ambo. Katikati ndiyo Tunduma yenyewe: malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia yamelala upande huu, na yanayorudi yanakimbia upande ule kana kwamba nyumbani yameacha maharage motoni. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameanza darasa la kwanza, na kila asubuhi ilibidi avuke hapo. Mvushaji ni mimi. Nikishamfikisha, kengele ya shule yangu imeshalia zamani, na mwalimu wa zamu ananisubiri getini akiwa na tabasamu na fagio. Uwanja wa shule yetu nimeufagia mpaka naujua jiwe kwa jiwe.

Mdogo wangu yeye aliona raha tu. Madereva wa Zambia walimfundisha kusema "Mulishani", basi akawa anawasalimia wote, lori kwa lori, mkono juu, hata tukiwa tumechelewa. Nao wanampigia honi. Tuliendelea hivyo mpaka siku moja kiatu kikamchomoka katikati ya lami. Akageuka kukifuata. Nilimkamata begi nikamvuta, tukaanguka wote ukingoni, na lori likapita. Tulipoinuka, kiatu kilikuwa chapati. Alikibeba hivyo hivyo mpaka nyumbani, akamkabidhi bibi. Bibi, ambaye huwa ana la kusema hata kuhusu kuku wa watu, siku hiyo alikipangusa tu vumbi. Alikitundika kwenye msumari jikoni. Kuanzia hapo hakukosa mkutano wa mtaa hata mmoja.

Eneo la kujenga shule upande wetu lilikuwepo, kubwa, tambarare, linalishiwa mbuzi. Kasoro ilikuwa kwenye mchoro wa mipango miji. Pale pameandikwa: maegesho ya malori. Lori halijawahi kukanyaga pale hata kwa kupotea njia, lakini mchoro ni mchoro, na darasa halijengwi kwenye maegesho. Lazima muombe kubadili matumizi ya ardhi. Mkutano ukae, muhtasari uandikwe, bango lisimame siku thelathini ili anayepinga apinge, kisha kamati ya halmashauri ndiyo iamue.

"Mapingamizi yakiwa mengi," dada mtendaji alituambia mkutanoni, "tumekwisha. Faili linatupwa kule, maegesho yanabaki maegesho, na watoto waendelee kuvuka."

Haya nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati anasema, mimi nilikuwa chini ya benchi namfunga jamaa yangu kamba za viatu kwenye mguu wa benchi.

Nikaandika bango. Lilikuwa zuri, aisee. Herufi nyekundu, kivuli cheusi: MAOMBI YA KUBADILI MATUMIZI YA ARDHI KUTOKA MAEGESHO YA MALORI KUWA SHULE YA MSINGI. MWENYE PINGAMIZI ALILETE OFISI YA MTAA NDANI YA SIKU THELATHINI.

Bibi alikuja kulisoma. Yeye alizaliwa milimani kule Ileje, lugha yake ni Kindali, na Kiswahili chake kinapanda na kushuka kama barabara ya kwenda Itumba. Kusoma alijifunzia kanisani. Alisoma taratibu, kidole hewani, mpaka akakwama.

"We mjukuu. Hii pingamizi ndiyo nini?"

Hapo ndipo ningeweza kuwa mtoto mzuri. Nikakaza uso.

"Bibi, hujui pingamizi? Si ule mti wanaoulaza nyuma ya mlango, mwizi asiingie? Si unapinga mlango? Basi shule inataka miti ya kenchi, ya kubebea bati. Kila anayeipenda shule alete wake ofisini."

Nilitegemea anipige kofi la mgongo, tucheke, yaishe. Yeye akatikisa kichwa. "Si wangesema tu mti," akasema, akaondoka.

Nilipanga kumwambia ukweli jioni. Jioni kulikuwa na mpira.

Kesho yake alikata mti wa mlingoti nyuma ya nyumba, mmoja mnyoofu ambao baba alikuwa anautunza kwa kazi yake, akaupeleka ofisini. Kisha akawaambia wanakwaya wenzake. Kwaya ya kanisani kwetu ina Wandali, Wanyiha, Wanyamwanga, kila mama na kilugha chake, na Kiswahili ni cha wote, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia mwenzake juu ya neno. Mmoja alisema pingamizi ni lazima litolewe gome, maana kwao Isansa hakuna anayepeleka pingamizi na gome lake, ni aibu. Wakaafikiana.

Kumbe siku zile zote dada mtendaji hayupo. Alikwenda kumuuguza mama yake, akamwachia ofisi mzee wa mgambo. Huyu mzee ni mtu wa amri. Aliwahi kuambiwa alinde mlango wa ofisi, na siku mlango ulipong'olewa kupelekwa kwa fundi, akaondoka nao, akaulinda huko. Dada mtendaji alimwambia: akija mtu na pingamizi, mpokelee, mwandike daftarini, jina na sahihi. Basi.

Siku ya ishirini na kitu, tunatoka shule na mdogo wangu, tukapita ofisini kunywa maji. Mzee wa mgambo alikuwa kwenye simu, ameiweka sauti kubwa na ameishika mbele ya mdomo kama anakula muhindi. Aliyepiga ni afisa mipango miji wa halmashauri.

"Mzee, nipe taarifa fupi. Mapingamizi mmepokea mangapi?"

"Arobaini na moja, mkuu!"

"Arobaini na... hebu rudia."

"Arobaini na moja. Na wanakwaya wameahidi kuleta mengine Jumapili."

"Ni ya maandishi?"

"Moja tu ndiyo la karatasi, mkuu. Mengine yote ni mazito."

"Mazito kiasi gani?"

"Kuna moja limebebwa na wanawake wanne. Nusura livunje dirisha."

Nilitemea maji shati la mdogo wangu. Afisa akasema kesho anakuja mwenyewe, na kama hali ndiyo hiyo, ni heri maombi yaondolewe kabla hayajafika kwenye kamati.

Mzee wa mgambo alikata simu akanitazama, kifua mbele. "Umesikia? Mkuu anakuja mwenyewe. Anasema hajawahi kuona mtaa kama huu."

Nikajua nimeyatimba. Nikaenda nyuma ya ofisi kuhakikisha, na pale palikuwa na rundo la miti lililofika kiunoni, imemenywa gome, inanukia. Mdogo wangu akapanda juu yake kama ngazi. "Kaka," akasema, "hizi ndiyo za shule yangu?" Alikuwa amevaa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine. Nikamteremsha, nikamfunga kamba za kile kikubwa.

Dada mtendaji alirudi jioni ile. Nilienda mlangoni kwake mara tatu kumwambia. Mara ya kwanza alikuwa anakula, ya pili anaoga, ya tatu niliona aibu tu, sina kisingizio.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Afisa alishuka kwenye gari na faili kwapani, uso umekunjamana. Watu walijaa, bibi mbele na wanakwaya wake wamevaa vitenge vya sare, maana waliambiwa mkubwa anakuja kuyaona mapingamizi yao. Dada mtendaji alifungua daftari, akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na rangi ikamtoka.

"Mama," akamuuliza bibi, "hata wewe umeipinga shule?"

"Nimeipinga vizuri kabisa," bibi akajibu. "La kwangu ndilo refu."

Afisa akaweka faili chini. "Mama yangu, sababu ya pingamizi lako ni nini?"

"Sababu ni huyu." Akamsukuma mdogo wangu mbele. Kisha akatoa kwenye kitenge kile kiatu cha chapati akamwekea afisa mkononi. "Lori limekula kiatu. Mguu uliponea chupuchupu. Ndiyo maana nimepinga, na nikiambiwa nipinge tena napinga."

Afisa akakiangalia kiatu, akamwangalia bibi, akaangalia daftari. Mtu mzima, amesoma, na alikuwa amepotea kabisa. Hapo nikanyoosha mkono, kama darasani.

"Samahani, mkuu. Mapingamizi yako nyuma ya ofisi."

Tukamzungusha huko. Nikamweleza yote mbele ya watu, kuanzia mlango na mwizi mpaka gome la Isansa. Afisa aliuinamia mlingoti wa bibi, akaupapasa, akakaa juu ya rundo. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka kalamu ikamdondoka.

Bibi hakucheka kwanza. Aliniangalia kama anapima nguo. "Kwa hiyo pingamizi ni kukataa."

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi nimekwenda kukataa shule, nimevaa kitenge cha sare."

"Ndiyo, bibi."

Kofi la mgongo nililolitegemea tangu siku ile ya bango likafika, na riba yake. Ndipo wanakwaya wakaangua kicheko, na yeye akafuata, ameshika kiuno.

Likabaki lile moja la karatasi. Lilikuwa la mzee wa mishikaki, ambaye jiko lake liko jirani na lile eneo, na alikuwa ameyangoja maegesho kwa ajili ya matumbo ya madereva. Akajitokeza, mkononi ana kifagio cha kupakia mishikaki mafuta. "La kwangu halina utani," akasema. "Nimeandika na sahihi nimeweka."

"Karatasi!" bibi akamgeukia. "Na hiyo inabeba bati?"

"Mzee wangu," afisa akasema, anajifuta macho, "maegesho tutayatafutia nafasi nje ya mji, upande wa Mlowo. Lori lina magurudumu kumi na nane, litafika. Huyu mtoto ana mawili, na moja limeshaliwa."

"Na mishikaki yangu?"

"Kwani walimu hawali?" mama mmoja wa kwaya akadakia. "Tena hao wanakula kwa mkopo, hawakukimbii kwenda Zambia."

Mzee wa mishikaki akajikuna kidevu. Hakusema ndiyo. Ila aliondoka na karatasi yake.

Adhabu yangu ilikuwa kuyahamisha mapingamizi yote arobaini, moja moja, begani, kutoka ofisini mpaka kwenye eneo. Mdogo wangu aliteuliwa msimamizi. Nikipumzika anapuliza filimbi.

Wiki kadhaa zikapita, barua ya halmashauri ikafika. Dada mtendaji alinipa nimsomee bibi jikoni, labda na yeye ananiadhibu. Nikasoma: kamati imeridhia eneo kubadilishwa matumizi kuwa shule ya msingi, kwa kuwa hakuna pingamizi la msingi lililobainika. Mdogo wangu alikuwa ameshatoka nje mbio kuwatangazia mbuzi.

Bibi akanyanyua kichwa kutoka kwenye sufuria. "La msingi halijaonekana?"

Ulimi uliniwasha. Naapa uliniwasha. Lakini bega nalo lilikuwa bado linauma. "Hapana, bibi. Maana yake hakuna aliyepinga kwa sababu ya maana. Ni lugha ya ofisini tu."

Akakoroga. Akakitazama kile kiatu kwenye msumari, kimesharudi mahali pake. Kisha akacheka peke yake, kidogo, kwa puani.

"Nimeelewa. Sasa nenda kwa wanakwaya ukawaambie halmashauri imeandika hivi: ya kenchi yametosha, ila pingamizi la msingi halijaonekana. Na msingi unajengwa kwa mawe."

"Bibi, huo si uongo?"

"Mimi nimesema neno gani ambalo halimo kwenye barua? Nenda."

Jumamosi mawe yakaanza kuingia, kichwani, kwenye baiskeli, kwenye ndoo za watoto. La kwanza kabisa lililetwa na mzee wa mishikaki, kwenye toroli lake la mkaa. Alilishusha, akajifuta mikono, akasisitiza aandikwe.

Mzee wa mgambo alifungua daftari ukurasa mpya, akalamba kidole.

"La karatasi," akamuuliza, "au la msingi?"