Barua ya Kushukuru

Miaka kumi na tisa Dobi amepiga pasi mashuka ya hoteli katika nchi ya watu, na miaka yote hiyo masikio yake yako kwao. Kusoma hajui, kwa hiyo habari za nchi yake humjia kwa sauti ya mdogo wake, simu ameiegemeza kwenye kopo la maji ya kunyunyizia. Juma hili sauti ilisema: "Dada, mama kaanguka. Kalazwa chini, kitanda hakuna. Glovu tumenunua sisi, sindano sisi. Na bado wanatufokea kama sisi ndio tulioiba dawa."

Ndipo akaenda ubalozini, maana paspoti ya kumrudisha kwa mama ilikwisha muda. Karani, binti wa rika la mwanawe, akamsogezea karatasi mbili na kidau cha wino.

"Weka dole hapa, mama, na hapa."

Dobi hakugusa wino. Alipofiwa na mumewe, shemeji yake alimwekesha dole, "karatasi ya msiba tu hiyo," kumbe ndiyo nyumba inakwenda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

"Nisomee."

"Hii ya paspoti."

"Na pacha wake?"

"Aa, barua ya kushukuru serikali. Kila mtu anaweka."

"Nisomee hiyo hiyo."

Karani akasoma mbiombio kama anayemeza dawa chungu: "...sisi tulio nje tunashuhudia kuwa nchi imetulia, hospitali zina kila kitu..."

"Rudia hapo pa hospitali."

Akarudia, sauti imeshuka.

"Kashuhudia nani? Mimi? Mama yangu yuko sakafuni, nimwekee dole kwamba yuko kitandani?"

"Mama, usiniponze. Bila hiyo faili haliendi."

Nyuma ya Dobi bwana mmoja wa suti akaguna. "Shangazi, weka twende. Foleni ndefu."

"Wewe uliyesoma, yako umeisoma?"



Dobi akaweka dole kwenye karatasi ya kwanza. Ya pili akaisukuma irudi ilikotoka. Karani akazitia zote mbili droo ya chini kabisa.

Nje, kwenye ngazi, alitaka kulia, ikatoka hasira. Akamrekodia mdogo wake: "Mwambie mama siji. Usiseme nimekosa nauli, usisingizie kazi. Mwambie walitaka niseme hospitalini mna kila kitu, nikakataa. Akinilaani, sawa. Kisha uniambie kama kapata kitanda."